Habari Iliyopelekwa Zizini

Mahubiri ya Pasaka yaliyonigusa kuliko yote niliyosikia maishani yalihubiriwa kwa maiti. Msikilizaji alikuwa na miaka minne kaburini, chini ya samadi, katikati ya zizi la ng'ombe wake mwenyewe huko Haneti. Mhubiri alikuwa mwanawe, Ndahani, rafiki yangu na rika langu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa fito, na nilisikia kila neno. Siku chache baadaye nilikwenda barazani kwa mchungaji, nikaeleza nilichoona, nikaacha nilichosikia, na kwa sababu hiyo Ndahani hakubatizwa.

Nayaandika haya kwa kuwa mwezi uliopita tumemzika Sechelela, mdogo wake Ndahani, hapa Miyuji. Wiki mbili kabla hajafa nilikwenda kumwona. Alikuwa amelazwa kwenye chumba cha nyuma, dirisha moja dogo, kitanda cha kamba, na juu ya kigoda bakuli la uji wa uwele ambao ulikwisha kushika utando. Alinisalimu kwa heshima anayostahili mwalimu wa kanisa, kisha akanitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. "Mwalimu," akasema, "wewe ulikuwapo. Hivi ni nani alimsemea kaka kwa yule mchungaji Mzungu?" Nikasema mambo hayo ni ya zamani. "Ya zamani kwako. Mama alikufa akiuliza." Nikamuuliza kama Ndahani mwenyewe hakuwaambia. "Tulimuuliza sana. Akasema ni ng'ombe. Eti ng'ombe ndio waliomsemea!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshika mabega, nikamnywesha uji wa baridi. Kwa hiyo nilijua siku ile, nikiwa mzee wa mvi, kwamba Ndahani alikuwa amenificha miaka yote hiyo mbele ya mama yake na dada yake. Badala ya kushukuru, nilihisi kitu kile kile cha zamani kikinichoma chini ya mbavu. Hata kwa hilo amenishinda.

Ilikuwa mwaka ambao tuta la reli ya Wadachi lilikuwa linakaribia Dodoma. Sisi tulikuwa misheni, mwendo wa siku moja upande wa mashariki, vijana tisa tukilala katika chumba kimoja kirefu cha tembe ya paa la udongo, kila mmoja na ngozi yake ya ng'ombe, vichwa vyote ukutani na miguu yote katikati. Chumba kilinuka moshi na mafuta ya samli. Asubuhi tulisoma, mchana tulifyatua matofali, jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda katika chungu kimoja, na yeyote aliyechelewa alikuta alama za vidole tu. Tulikuwa tunajifunza ili tubatizwe Pasaka. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba asubuhi ya siku hiyo mmoja wetu atasimama na kueleza habari ya kufufuka, kwa Kigogo, kwa niaba ya wote. Hakuna aliyekuwa na shaka ni nani. Mimi nilisoma kwa moyo sura nne za Injili bila kukwama. Mimi ndiye niliyepewa daftari na kalamu ya risasi, nikaandika nani kaja, nani hakuja, nani kaimba nini. Ndahani, aliyekuwa akisoma kwa kidole na kutoa jasho kwa kila mstari, aliniita Karani. "Karani," angesema tukiwa gizani, kila mtu kwenye ngozi yake, "hebu andika: leo Ndahani amekula matonge mawili zaidi." Chumba chote kingecheka. Mimi pia nilicheka, na wakati nacheka nilikuwa nahesabu ni mara ngapi watu wamecheka kwa neno langu. Hawakuwa wamecheka hata mara moja.

Wiki mbili kabla ya Pasaka tulitumwa wawili wawili kwenda vijijini kuwaeleza watu tumaini letu na kuwaalika. Mimi na Ndahani tulipelekwa Haneti kwa kuwa ni kwao. Tulitembea siku mbili na kitu. Njiani nilikuwa nikijisomea kwa sauti yale nitakayosema, na Ndahani alikuwa akiuliza maswali ambayo hayakuwa kwenye somo. Alitaka kujua habari za yule Yusufu, mtu mwenye mali aliyetoa kaburi lake jipya ili azikwe mwingine. "Mtu kumpa mwenzake ng'ombe, nimeona," alisema. "Kumpa mwenzake kaburi, na hata si ndugu yake! Karani, mimi nikiulizwa jina la ubatizo nitasema Yusufu. Usimwambie mtu, watanitangulia." Nikamwambia kuna majina makubwa zaidi. Sikumwambia mtu.

Tulifika Haneti uwele ukiwa umeanza kukauka masuke, na kwelea wamekuja. Mtu asiyejua nchi yetu hawezi kuelewa maana yake. Ndege hao wakitua, shamba la mwaka mzima huisha kabla jua halijawa kichwani. Kwa hiyo kila mtu anayeweza kupiga kelele yuko shambani tangu alfajiri, amesimama juu ya ulingo wake wa miti na kombeo mkononi. Kijijini hakuna mtu. Nilikuwa nimepanga tukusanye watu uani kwa Mama Madeje, mama yake Ndahani, wakae kwa mistari, wanaume huku na wanawake kule. Nilisubiri uani asubuhi nzima na daftari langu. Walikuja vikongwe wawili na mbuzi. Niliwasomea. Kikongwe mmoja alilala. Mwingine aliniuliza kama nimeleta chumvi.

Wakati huo nikasikia kelele za shambani zimebadilika. Nilitoka, nikaona Ndahani amepanda ulingo wa mama yake, kombeo linazunguka juu ya kichwa chake, na kati ya jiwe na jiwe anapaza sauti. "Haa! Haaa! Kuna mtu aliuawa! Haa! Akazikwa, jiwe likawekwa mlangoni!" Jiwe likaruka, kundi la ndege likainuka kama moshi. "Siku ya tatu wanawake wakaenda, kaburi tupu!" Kutoka ulingo wa jirani mwanamume mmoja akauliza kwa kelele, "Wa ukoo gani huyo?" "Ukoo wa wafalme, lakini alizaliwa zizini!" "Nani alimwona?" "Wanawake!" "Wangapi?" "Watatu!" "Ah, watatu ni ushahidi!" Na yule mwanamume akageuka, akampigia kelele wa ulingo uliofuata, naye akampelekea wa mbele yake, kwa sababu mtu aliyesimama juu ya miti mchana kutwa ana njaa ya habari kuliko njaa ya ugali. Nilisimama pembeni ya shamba nikasikia Pasaka ikienda kutoka ulingo hadi ulingo, ikipungua sauti, mpaka ng'ambo ya korongo ambako sikuona mtu. Niliandika katika daftari: "Shamba la Mama Madeje. Waliosikia, haijulikani." Neno "haijulikani" nililiandika kwa nguvu mpaka risasi ikakatika.

Adhuhuri, ndege walipopumzika, watu walikusanyika kivulini kula. Mama Madeje alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu na ugali kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye ulimi, na mumewe alipokufa alirithiwa na shemeji yake, kama desturi ilivyokuwa. "Basi, mwanangu," alisema huku akimimina, "baba yako akiamka leo jioni, atanikuta nyumbani kwa mdogo wake. Mtanisemea nini?" Watu wakacheka, na shemeji mwenyewe akainamisha uso kwenye ungo. Nikaona hapa ndipo pangu. Nilifungua kitabu, nikaeleza kwa utaratibu kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi. "Kumbe huko hakuna raha," akasema mzee mmoja, wakanicheka mimi. Wakamgeukia Ndahani. Alikuwa anatafuna, akatafuna mpaka akamaliza. "Nitamwambia, baba, keti kwanza, kunywa maziwa. Mambo ni mengi, tutayasema polepole, sasa tuna muda." Hakuna aliyecheka. Mama Madeje alishika kibuyu hewani bila kumimina. "Tuna muda," akarudia. Kisha akampa Ndahani utandu wa juu wa maziwa, ule mzito, ambao kila nyumba humpa mgeni. Mgeni nilikuwa mimi.

Nimejiuliza mara nyingi kama ni utandu ule. Mtu huona haya kuandika kwamba aliharibu maisha ya mwenzake kwa sababu ya utandu wa maziwa, lakini nimeahidi kuandika mambo kama yalivyokuwa.

Asubuhi ya kuondoka niliamka kabla ya wengine. Tembe ya Wagogo hulizunguka zizi, kwa hiyo ukilala chumba cha ndani ng'ombe wako ukutani kwako. Nilisikia sauti ya Ndahani ikizungumza taratibu, nikachungulia palipomomonyoka udongo kati ya fito. Alikuwa amechuchumaa kati ya ng'ombe, mahali alipozikwa baba yake, kama walivyozikwa wenye nyumba wote wa zamani. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo cha pombe ya mtama. Akamwaga kidogo chini, kama wafanyavyo watu wanaotambika. Kisha akamsalimu kwa Kigogo akasema, na maneno haya niliyaandika yangali moto, daftari likiwa gotini:

"Baba, mbukwa. Ni mimi Ndahani. Sikuja kuomba mvua, mvua imetosha. Sikuja kuomba mke, bado. Nimekuja na habari. Siku ile tulipokufukia nilikuambia lala moja kwa moja. Nilikosea, sikujua. Nimeambiwa kuna mmoja ametangulia kuamka, na amesema atawaita wengine. Sasa baba, ukisikia unaitwa, usishtuke. Usidhani ni wezi wa ng'ombe. Usitafute mkuki. Inuka tu. Mimi nitakuwa nje hapa, nitakupa mkono." Ng'ombe mmoja akamlamba bega. Akasema tena, "Mdogo wako anamtunza mama vizuri. Hilo pia usishtuke."

Mimi nilikuwa na sura nne kichwani. Nami nilikuwa na wafu wangu, kama kila mtu. Haikuwa imenijia hata siku moja kwamba habari ile iliwahusu wao, kwamba mtu angeweza kwenda kuwaambia. Machozi yalinitoka, na chini ya machozi nilikuta wivu umekaa umetulia, kama nyoka aliyekuta jiwe lenye joto. Nilitamani maneno yale yangekuwa yangu. Nilipoona hayawezi kuwa yangu, nilitamani yasisikike.

Tulirudi misheni Jumatano ya wiki ile kuu. Mchungaji alituweka mezani kwake, akatupa chai, akataka taarifa. Nilisoma daftari langu: kijiji, siku, waliohudhuria. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha Ndahani akamweleza habari ya kombeo na zile lingo, na yule Mzungu, ambaye tulikuwa hatujamwona akicheka tangu mvua za kwanza, alipiga goti lake akacheka mpaka akavua miwani. "Ni wewe utakayesema Jumapili," akamwambia. Akanigeukia mimi, "Na wewe utamsaidia kukumbuka mistari, sivyo?" Nikasema ndiyo, Bwana. Siku mbili nilimsaidia. Tuliketi nyuma ya tanuri la matofali, yeye akirudia, mimi nikimsahihisha, na kila nilipomsahihisha alisema asante.

Ijumaa baada ya ibada nilikwenda barazani. Nakumbuka kulikuwa na kikombe cha chai kilichopoa na inzi mmoja ukingoni. Nilisema nimeona jambo Haneti linanisumbua moyo. Nilisema Ndahani alimwaga pombe juu ya kaburi la baba yake, alfajiri, kabla ya kuondoka. Yote yalikuwa kweli. Mchungaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema niliona kwa macho. Akatuma Ndahani aitwe, na mimi nikaambiwa nisiondoke, jambo ambalo sikulitarajia.

"Ulimwaga pombe kaburini kwa baba yako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na habari ya kumpa. Kwetu mtu hapelekewi habari mkono mtupu."

"Habari gani?"

"Hii ya Jumapili."

Mchungaji alimtazama kama mtu asiyejua kama anafanyiwa mzaha. Kigogo chake hakikuwa kibaya, lakini alikuwa amekaa nchini miaka mingi akipigana na matambiko, na sikio lake lilikuwa limeshika neno pombe na neno kaburi, likafunga mlango. "Kuna mtu aliyesikia ulichosema?" Ndahani hakunitazama. "Ng'ombe," akasema. Mchungaji akanigeukia. "Wewe ulikuwapo. Ulisikia maneno yake?"

Daftari lilikuwa kifuani mwangu, ndani ya shati. Maneno yote yalikuwa humo, kwa mwandiko wangu mzuri. Ningeweza kulitoa nikalisoma, na nina hakika mchungaji, aliyekuwa mkali lakini mwenye haki, angelia.

"Nilikuwa mbali kidogo, Bwana," nikasema.

Ndahani aliahirishiwa ubatizo mwaka mzima. Jumapili nilisimama mimi. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi, limejaa, na kabla sijaanza niliona mlangoni watu wameingia wamejaa vumbi mpaka kope. Mbele yao alikuwa Mama Madeje, na nyuma yake yule shemeji, na yule mzee wa raha, na wengine ambao sikuwajua, wa lingo za mbali, kumi na mmoja kwa jumla. Walikuwa wamewaachia watoto na wazee makombeo, katika wiki ambayo hakuna mtu huacha shamba, wakatembea siku mbili kuja kumsikia Ndahani. Walinisikia mimi. Nilisema sura nzima bila kukosea. Mtoto mmoja alilia, akatolewa nje. Ndahani alikuwa amesimama nyuma kabisa pamoja na wasiobatizwa, na nilimwona midomo ikienda, akinifuata neno kwa neno ili nisikwame. Kisha nilimwagiwa maji ya ubatizo, nikaitwa Mika.

Nje, Mama Madeje alimshika mchungaji mkono wa shati. "Yule aliyetuita mbona hasemi?" Mchungaji alimjibu jambo refu kuhusu utii. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sisi tumekuja kwa ajili ya aliyetuita," akasema, na wakaondoka siku ile ile, kwa sababu ya ndege. Nilikuwa nimesimama karibu na kisima katika kanzu yangu nyeupe wakati Ndahani alipokuja kunipa mkono. Alinishika kwa mikono yote miwili, kama inavyopasa. "Umesema vizuri, Karani," akasema. "Ila umesahau kuwaambia wasishtuke."

Hakusema zaidi, wala hakunitazama kwa ubaya. Jioni alikunja ngozi yake, akawafuata wa kwao. Nafasi yake kwenye safu ya chumbani ilibaki wazi, na hakuna aliyesogea kuijaza. Baadaye nilisikia amekwenda kufanya kazi ya reli. Vita vya Wadachi na Waingereza vilipokuja alishikwa kuwa mpagazi, akabebeshwa mzigo kuelekea kusini kwa njia ya Mtera, na huo ndio mwisho wa habari zake. Mama Madeje alibatizwa uzeeni, Sechelela mapema zaidi. Tembe ya Haneti ilianguka, na zizi sasa ni shamba la mtu mwingine, anayelima juu ya yule mzee bila kujua.

Nami nimekuwa mwalimu wa kanisa maisha yangu yote. Kila Pasaka alfajiri tunakwenda makaburini hapa Miyuji, nasoma majina ya wapendwa waliolala, kisha nawaambia watu habari. Husema hivi: wapendwa wetu wakisikia wanaitwa, wasishtuke, wasidhani ni wezi wa ng'ombe, wainuke tu, nasi tutakuwa nje tuwape mkono. Wanawake hulia. Watu hutoka mpaka Dodoma mjini kuja kusikiliza, na husema hakuna anayeihubiri Pasaka kama Mwalimu Mika. Sechelela alikuja kila mwaka, akaketi mbele, akasikiliza maneno ya kaka yake kutoka kinywani mwangu, akanishukuru. Ndahani huenda aliyasema mara moja tu, kwa mtu mmoja, na mimi nimeyasema kwa mamia, na bado namwonea wivu kwa ile mara moja.

Juzi mwanawe Sechelela, Yoeli, alikuja kwangu na karatasi. "Shikamoo, Mwalimu. Nimeleta majina ya nyumba yetu, ya kusomwa Pasaka." Utaratibu tuliorithi ni kwamba tunasoma waliobatizwa, jina la Kikristo kwanza. Alikuwa ameandika Marita Madeje. Sechelela, ambaye alibatizwa kwa jina lake. Kwenye mstari wa tatu alikuwa ameandika Ndahani, na mbele ya jina hilo ameacha nafasi. "Mama alisema nikuulize wewe jina la mjomba la ubatizo, kwa kuwa mlisoma pamoja. Alisema wewe huandika kila kitu." Nikamwambia nitatazama kwenye vitabu.

Sikuwa na haja ya kutazama. Hayumo katika kitabu cha waliobatizwa wala katika kitabu cha waliozikwa. Jina alilolichagua njiani kwenda Haneti nalijua mimi peke yangu chini ya jua. Nikiliandika, nitakuwa nimesema amebatizwa mtu ambaye sikuona akibatizwa. Nisipoliandika, nitakuwa tena nimesimama barazani, mbali kidogo. Lile daftari la Haneti ninalo, limeliwa na mchwa pembeni lakini ule ukurasa ni mzima, na Yoeli anajua kusoma.

Pasaka ni Jumapili ijayo. Karatasi iko katikati ya kitabu changu cha sala, na ile nafasi bado tupu.